Nani Hukata Umri wa Simu Janja?

Umri wa manufaa wa simu janja ni muda kati ya siku inapoanza kutumika na siku inapoacha kutimiza haja ya mwenye nayo. Maelezo hayo ni mepesi kuyatamka, lakini yamebeba maswali ambayo fundi peke yake hawezi kuyajibu: haja ni nini, nani huipima, na simu hukoma kwa namna gani. Jembe huisha kwa kulika. Kila msimu bapa lake hupungua, hadi siku halifukui tena, na hakuna anayebishana kuhusu siku hiyo. Simu nyingi zinazoachwa bado zinawaka, zinapiga na kupokea, na kamera zake zinapiga picha zilezile za siku ya kwanza. Kilichokoma mara nyingi kiko nje ya kifaa chenyewe.

Aristotle alieleza vitu vilivyotengenezwa kwa makusudi yake: shoka ni la kukata, nyumba ni ya kusitiri. Kwa kipimo hicho, kitu kimekufa pale kinaposhindwa kutimiza kusudi. Simu janja inakisumbua kipimo hicho kwa sababu haina kusudi moja. Ni pochi, kamera, redio, saa, tochi, daftari la madeni ya dukani, na kwa waumini wengi ni Msahafu au Biblia ya kusomwa safarini. Simu ileile yaweza kufa kwa kusudi moja na kuishi kwa mengine sita. Ndiyo maana idadi moja ya miaka haitoshi kuwa jibu. Ndani ya kifaa kimoja mna umri wa aina tatu: wa mwili, wa programu na wa hamu. Kila mmoja una njia yake ya kukoma, na katika kila mmoja yafaa kuulizwa nani aliyeukata.

Umri wa mwili

Sehemu inayochoka mapema katika mwili wa simu ni betri. Betri ya lithiamu hufanya kazi kwa kuhamisha ayoni kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na kila mzunguko wa kujaza na kutumia chaji huiacha na uwezo pungufu kidogo. Kampuni ya Apple hueleza kwamba betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 kamili, na za iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000. Anayemaliza chaji nzima kila siku hufikia mizunguko 500 kabla ya mwaka wa pili kwisha. Joto huharakisha uchovu huo, kwa hiyo simu inayoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana wa Pwani huzeeka upesi kuliko inayokaa kivulini.

Baada ya betri huja kioo, tundu la chaji, vitufe na spika. Vyote hivyo hubadilishika. Chipu, ambayo ndiyo akili ya simu, ikikingwa na maji na joto inaweza kufanya kazi kwa miaka mingi kuliko wamiliki wengi wanavyoihitaji. Hapo ndipo uamuzi wa kwanza unapoonekana. Simu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifunguliwa kwa ukucha, betri ikatolewa na nyingine ikatiwa. Simu nyingi za sasa zimezibwa kwa gundi. Wabunifu wana sababu zao, kwani gundi husaidia kuzuia maji na huruhusu umbo jembamba. Lakini matokeo yake ni kwamba sehemu inayochoka mapema imefungiwa ndani ya kifaa chenye sehemu za kudumu, na gharama ya kuitoa huanza kulinganishwa na bei ya simu mpya. Kuchoka kwa betri ni kazi ya maumbile. Kwamba uchovu huo uiue simu nzima ni kazi ya mtu.

Umoja wa Ulaya umelifanya jambo hilo kuwa la sheria. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinataka betri ya simu inayouzwa huko ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800, vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo endeshi yatolewe kwa angalau miaka 5 toka wakati huo. Sheria ya namna hii haiwezi kutungwa ila na mtu aliyekwisha kukubali kwamba urefu wa maisha ya kifaa umo mikononi mwa anayekiunda. Hakuna bunge linaloiagiza mvua inyeshe.

Umri wa programu

Umri wa pili hauonekani kwa macho. Mfumo endeshi wa simu huhitaji masasisho ya usalama, yaani marekebisho yanayoziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huipitia. Mtengenezaji akiacha kuyatoa, kifaa hubaki kilivyokuwa huku mambo yanayokizunguka yakibadilika: programu mpya hukataa kuingia, na za zamani hukataa kufunguka. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye mfumo wa BlackBerry mwishoni mwa mwaka 2017, na kwenye simu za Nokia za mfumo wa S40 mwishoni mwa 2018. Simu hizo hazikuvunjika. Wenye nazo walibaki na vifaa vizima visivyoweza tena kufikisha ujumbe kwa watu walewale, kwa njia ileile.

Urefu wa umri huu hutangazwa na mtengenezaji. Google ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023 iliahidi masasisho ya miaka 7, na Samsung ikatoa ahadi kama hiyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Simu nyingi za bei nafuu, zile zinazojaza maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, huahidiwa muda mfupi zaidi, na nyingine hazina ahadi yoyote. Hapo mzani wa haki unapinda. Mwenye kipato kidogo, ambaye angefaidika zaidi na kifaa cha kudumu, ndiye anayeuziwa chenye umri mfupi. Na kwa kuwa akiba yake imo ndani ya simu hiyohiyo, mwanya usiozibwa ni mwanya wa mfukoni mwake.

Wapo wengine wanaoweza kuukata umri huu wakiwa mbali. Mitandao mikubwa ya Marekani ilizima 3G mwaka 2022, na simu zisizoweza kutumia teknolojia mpya zaidi zikakosa hata uwezo wa kupiga. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu zenye namba bandia za utambulisho Juni 2016, na Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2012. Simu zinazouzwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo hujifunga mteja akichelewa, na hufunguka akilipa. Kimaadili matendo haya hayalingani. Kuzima simu bandia hulinda watumiaji, kufunga simu ya mkopo hutekeleza mkataba, kuzima mtandao wa zamani huachia masafa kwa mpya, na kusitisha masasisho humpunguzia mtengenezaji gharama. Yanalingana katika jambo moja: kila mara kifaa ni kizima na manufaa yamekwisha.

Martin Heidegger, katika kitabu chake Sein und Zeit cha mwaka 1927, alieleza kwamba hakuna chombo kinachosimama peke yake. Nyundo huelekea msumari, msumari huelekea ubao, na ubao nyumba. Simu janja ni mfano uliokithiri wa fikra hiyo. Manufaa yake hayakai ndani ya kioo na chipu. Yamo katika uhusiano baina ya kifaa, minara, seva, kampuni za programu na watu wanaopokea simu upande wa pili. Uhusiano huo huweza kukatwa na yeyote aliyeshika ncha yake moja, na aghlabu mwenye simu ndiye wa mwisho kujua.

Umri wa hamu

Umri wa tatu hukatwa na mmiliki mwenyewe, ingawa si peke yake. Methali husema kipya kinyemi, ingawa kidonda, na wahenga hawakuhitaji matangazo ya biashara kuligundua hilo. Karne ya 20 ilichoongeza ni kuigeuza tabia hiyo kuwa mpango. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu, wakiwemo Osram na Philips, walikubaliana mjini Geneva kwamba balbu isiwake zaidi ya takriban saa 1,000, na aliyevuka kiwango hicho alitozwa faini. Mwaka 1932, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, Mmarekani Bernard London alipendekeza serikali iwekee kila bidhaa umri wa kisheria. Ukipita, bidhaa ihesabiwe imekufa, na anayeendelea kuitumia alipe kodi. Mwaka 1960 Vance Packard, katika kitabu The Waste Makers, alitenga namna tatu za bidhaa kupitwa na wakati: kwa kupatikana kitu kinachofanya kazi vizuri zaidi, kwa kuharibika, na kwa kuacha kupendeza.

Namna ya tatu ndiyo inayohusu maadili kwa karibu zaidi, kwa sababu hapo hakuna kilichobadilika katika kifaa wala katika mtandao. Kilichobadilika ni jicho. Modeli mpya hutoka kila mwaka, na tofauti yake na iliyotangulia hupungua kadiri teknolojia inavyokomaa, lakini tangazo lake halipungui sauti. Wahenga waliosema kipya kinyemi walisema pia usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inaeleza moyo ulivyo, ya pili inauonya.

Ila iliyofichwa

Ikiwa mwisho wa simu huamuliwa na mtu, swali la kwanza la haki ni kama aliyeamua alimweleza mnunuzi. Mapokeo ya dini na falsafa yalilijadili hili kwa karne nyingi kupitia nafaka, mifugo na nyumba.

Katika hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, Mtume Muhammad alipita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani na kukuta unyevu. Mwenye mali alijitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu ule juu ili watu wauone, na akaambiwa kwamba anayedanganya si miongoni mwa wafuasi wa Mtume. Juu ya msingi wa namna hiyo wanazuoni wa fikihi walijenga haki ya mnunuzi kurudisha kitu alichokikuta na ila iliyofichwa. Thomas Aquinas naye, katika Summa Theologiae, alifundisha kwamba muuzaji analazimika kuitaja ila isiyoonekana inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari. Iliyo wazi halazimiki kuitaja, almradi bei iwe ya haki.

Umri wa programu unaokaribia kwisha ni unyevu uliofunikwa. Simu mbili zinazokaa rafu moja kwa bei zinazokaribiana zaweza kutofautiana kwa miaka mingi ya masasisho, na hakuna jicho la mnunuzi linaloweza kuiona tofauti hiyo. Tukio la mwaka 2017 lilionyesha uzito wa jambo hili. Apple ilikuwa imeweka katika masasisho yake kipengele kilichopunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisijizime ghafla. Kitaalamu sababu hiyo ilikuwa na mantiki, maana simu ya polepole ni afadhali kuliko inayozimika katikati ya mazungumzo. Lakini wateja hawakuelezwa, na aliyeona simu yake imekuwa nzito angeweza kununua mpya wakati betri mpya ingetosha. Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 mwaka 2020, kwa kosa la kutowaarifu wateja. Nchi hiyo ilikuwa imeshapitisha sheria mwaka 2015 inayofanya kufupisha umri wa bidhaa kwa makusudi kuwa jinai.

Swali gumu zaidi ni la mfanyabiashara anayejua habari za kesho. Cicero, katika De Officiis, alisimulia kisa cha mtu anayefika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa na shehena ya nafaka kutoka Alexandria, akijua kwamba meli nyingine ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Cicero aliwapambanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli alisema inatosha kutaja kasoro ambazo sheria inataka zitajwe. Antipater alisema mnunuzi asifichwe chochote ambacho muuzaji anakijua. Cicero alielemea upande wa Antipater. Aquinas, akikirejea kisa hicho, alisema haki haimlazimishi muuzaji kutangaza yajayo, ingawa akitangaza au akipunguza bei atakuwa na fadhila zaidi. Muuza simu anayejua kwamba modeli iliyo mkononi mwake itaacha kupata masasisho miezi michache ijayo amesimama bandarini Rhodes. Hata hivyo kuna tofauti inayomwelemea zaidi mtengenezaji wa leo. Mfanyabiashara wa Cicero alijua tu kwamba meli zinakuja. Mtengenezaji wa simu ndiye anayeziendesha.

Kipimo cha haja

Lawama haiishii kwa mtengenezaji. Mwenye kubadili simu nzima ana hesabu yake, na kwa Waislamu hesabu hiyo huitwa israfu, kuvuka mpaka katika matumizi. Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, inaamuru kula na kunywa na kukataza israfu. Sura ya Al-Isra, aya ya 26 na 27, inawaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Lakini aya ya Al-A'raf inaanza kwa kuamuru watu wachukue mapambo yao wanapokwenda kusali, na hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inasema Mungu hupenda kuona athari ya neema yake kwa mja wake. Kwa hiyo kupenda kizuri si dhambi. Kinachotafutwa ni mpaka.

Wanazuoni wa misingi ya sheria walitoa ngazi zinazosaidia kuutafuta. Al-Ghazali, na baadaye al-Shatibi aliyefariki mwaka 1388, waliyapanga maslahi ya binadamu katika daraja tatu: ya dharura, ambayo maisha, dini, akili, kizazi na mali haviwezi kusimama bila hayo; ya haja, ambayo huondoa dhiki; na ya kupamba maisha. Simu moja hupanda na kushuka ngazi hizi kulingana na mkono ulioishika. Kwa dereva wa bodaboda anayeitwa na wateja kupitia programu, simu iliyo nzito ni kipato kinachopotea, na kuibadilisha kunaingia katika haja, pengine dharura. Kwa mtu anayetumia simu kupiga, kutuma pesa na kusoma ujumbe, kuacha kifaa cha miaka miwili kwa ajili ya kamera bora kunabaki katika mapambo. Hapo hukumu haiko juu ya simu. Iko juu ya nafasi ya simu katika maisha, na juu ya yale yaliyoachwa ili inunuliwe: karo, dawa, deni la jirani.

Mapokeo ya Kiyahudi na Kikristo yana kipimo kinachokaribiana nacho. Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, inahesabu miongoni mwa neema za jangwani kwamba nguo za Waisraeli hazikuchakaa kwa miaka 40. Kudumu kwa kitu kunaonekana huko kuwa baraka, wala si umaskini wa kukosa kipya. Papa Fransisko, katika waraka Laudato si' wa mwaka 2015, aliukemea utamaduni wa kutupa na kuufungamanisha na dhuluma: vitu vinavyotupwa upesi hugharimiwa na watu waliokwisha kutupwa na jamii.

Upo upande wa pili wa kipimo hiki, nao husahaulika na wanaosifu uvumilivu. Kung'ang'ania kitu kilichokufa nako kunaweza kuwa kosa. Betri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Wakala wa fedha anayehifadhi taarifa za wateja katika simu isiyopata masasisho ya usalama anahatarisha mali isiyo yake. Subira ni fadhila pale hasara inapomwangukia mwenye kusubiri. Inapoangukia wengine huitwa uzembe.

Fundi na utambulisho wa simu

Kati ya kuitunza simu na kuitupa yupo fundi. Katika vibanda vya mafundi simu mijini Afrika Mashariki, kioo cha simu iliyokufa huhamia kwenye simu hai, betri hubadilishwa, tundu la chaji hulehemiwa, na kifaa kilichohukumiwa kufa hurudi kazini. Kazi hiyo inafufua swali la kale alilolirekodi Plutarch kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kubadilisha mbao zilizooza, hadi wanafalsafa wakabishana kama bado ni merikebu ileile.

Kuhusu simu majibu ni zaidi ya moja, na kila taasisi ina lake. Kwa serikali na mitandao, simu ni namba yake ya utambulisho iliyohifadhiwa kwenye bodi kuu. Bodi ikibaki, simu ni ileile hata vingine vyote vikibadilishwa. Kwa kampuni ya simu, mteja ni laini, popote itakapochomekwa. Kwa mwenye nayo, simu ni yaliyomo: picha za harusi, sauti ya mzazi aliyefariki, madeni, majina ya watu. Yaliyomo hayo siku hizi huhamishwa hadi kwenye kifaa kipya kwa muda mfupi, na wepesi huo ni moja ya sababu za vifaa kuachwa mapema. Ikiwa kila chenye thamani kinaondoka, mwili uliobaki huonekana ganda tu.

Hannah Arendt, katika The Human Condition ya mwaka 1958, alitofautisha vitu vya kutumia na vitu vya kuliwa. Mkate huisha kwa kuliwa, na ndivyo unavyopaswa kuwa. Meza hudumu, na kudumu kwake humpa binadamu dunia tulivu ya kukaa ndani yake. Aliona uchumi wa kisasa ukizigeuza meza kuwa mikate, ukizitumia kwa kasi ile inayotumiwa kwa chakula. Simu janja imefika mbali katika njia hiyo, na fundi ndiye anayeirudisha nyuma. Kila anapofanikiwa, anaonyesha kwamba mwisho uliotangazwa haukuwa mwisho.

Mkono wa pili

Manufaa yaliyokwisha kwa mmoja yaweza kuanza kwa mwingine. Vitabu vya kanuni za watawa wa Kibuddha vinasimulia mfalme Udena akimhoji Ananda kuhusu mavazi 500 aliyopewa. Ananda alieleza kwamba mavazi mapya huwaendea watawa wenye mavazi yaliyochakaa, yaliyochakaa hugeuzwa vitandiko, vitandiko vikichoka huwa mikeka, kisha vitambaa vya kufutia, na mwisho hukandwa pamoja na udongo wa kukandikia. Mfalme aliridhika, kwa kuwa wingi ule haukuishia katika ubadhirifu.

Simu hupitia mlolongo kama huo. Ya kaka hushuka kwa mdogo wake, ya mjini huenda kijijini, na zilizotumika Ulaya au Dubai huuzwa upya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Kila mkono mpya huwa na haja ndogo kuliko uliotangulia au uvumilivu mkubwa zaidi, na hivyo kifaa hupata kusudi jingine kabla ya kusahaulika. Kimaadili, njia hii ni bora kuliko kuiacha simu kabatini. Lakini ina sharti. Anayepeleka mbele simu yenye miezi michache ya uhai, bila kusema hivyo, amepeleka mbele takataka pamoja na gharama ya kuitupa. Ndiyo sababu Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na ule wa Bamako wa mwaka 1991 ilihusisha usafirishaji wa taka hatari na ridhaa na ulinzi wa nchi zinazopokea, na toka tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki zinazovuka mipaka chini ya Mkataba wa Basel huhitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla hazijasafirishwa.

Deni la madini

Umri wa simu una uzito kwa sababu ya gharama iliyolipwa kabla haijawashwa. Sehemu kubwa ya hewa chafu inayohusishwa na simu hutokana na kuitengeneza. Kuichaji kwa miaka kadhaa huongeza kidogo tu. Gharama nyingine ni ya madini yanayotumika kuiunda. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika ukanda wa Kolwezi na Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya mitaani na ya migodini. Tantali, inayotokana na koltani, hutoka kwa kiasi kikubwa Kivu. Machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, yalitekwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Katika baadhi ya machimbo hayo watu hushuka mashimoni kwa zana za mkono, na wengine hawarudi.

John Locke, aliyetetea haki ya mtu kumiliki alichokifanyia kazi, aliiwekea mpaka: mtu asichukue zaidi ya anavyoweza kukitumia kabla hakijaharibika, kwani kilichoozea mikononi mwake ni sehemu ya wengine. Simu haiozi, lakini simu nzima iliyolala kabatini imeyafungia madini ambayo mtu mwingine aliyachimba kwa jasho, na imelazimisha mengine yachimbwe. Kila mwaka wa ziada wa matumizi huigawa gharama hiyo ya mwanzo kwa siku nyingi zaidi. Hiyo ndiyo sababu iliyo imara kuliko zote ya kurefusha umri wa kifaa, kwa kuwa haitegemei kipato cha mmiliki wala ladha yake. Tajiri anayeweza kununua simu kila mwezi amelipa bei ya dukani. Bei ya Kolwezi hakuilipa yeye.

Mwisho wa kweli

Baada ya mwili kushindwa kutengenezeka, programu kukosa mlinzi na mikono ya pili na ya tatu kumalizika, simu hufikia mwisho usiobishaniwa. Hata hapo wajibu haujakoma. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Simu iliyotupwa jalalani huacha metali zenye sumu kwenye udongo, na ikichomwa ili shaba itolewe, moshi wake huingia mapafuni mwa wale wanaoichoma. Iliyofikishwa kwa warejelezaji hutoa dhahabu, shaba na kobalti zinazoweza kutumika tena.

Kwa hiyo wajibu wa mwisho wa simu hugawanyika kama ulivyogawanyika uamuzi. Mtengenezaji anawajibika kwa umri aliouweka kwa gundi na kwa ratiba ya masasisho, na anapaswa kuutaja dukani kama anavyotaja bei. Serikali inawajibika kwa viwango inavyokubali viingie sokoni na kwa mahali pa kupeleka taka. Muuzaji anawajibika kwa anachokijua na kunyamaza. Mmiliki anawajibika kwa kupima haja yake kwa uaminifu, kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta, kumpa mwingine kilicho hai, na kukifikisha kilichokufa kwa anayejua kukivunjavunja. Hakuna kati yao anayeweza kusema simu imekufa yenyewe.